Siku Hatifungani Zilipokosa Mnunuzi

Sehemu ya Saba

"Hester, leo sinunui."

Hapo ndipo tulipoachana, msomaji wangu: Hester Ruddock kakaa ofisini kwake Moorgate, London, simu sikioni, mdomo wazi, chai inapoa mbele yake. Aliyemwambia maneno hayo ni Gareth Ollerenshaw, dalali wa hatifungani za serikali, mtu ambaye katika miaka yote ya kufanya kazi pamoja hakuwahi kumtamkia neno "hapana".

"Hununui nini?" Hester alifoka. "Gareth, sikuuzii viatu vilivyokwisha soli. Hizi ni hatifungani za serikali!"

"Najua ni nini."

"Basi nipe bei."

"Za laki moja nakuchukulia sasa hivi."

"Laki moja? Mimi nina za milioni arobaini!"

"Ndiyo maana nakwambia sinunui. Bosi katukataza kuongeza. Hizi tulizonazo zenyewe zinatuunguza mikono."

Simu ikakatika.

Barua zenu nimezisoma. Wengi mmeniuliza inawezekanaje karatasi ya deni la serikali ya Uingereza, inayouzika kila siku kama mkate, ikose mtu wa kuinunua. Msinione mwongo. Hata Hester alikuwa akijiuliza hivyohivyo, na yeye ndiyo kazi yake.

Ijumaa iliyotangulia serikali ilitangaza kupunguza kodi bila kusema pengo litazibwa na nini. Wenye fedha wakatazamana, wakaanza kuuza hatifungani, na bei ikashuka. Sasa mifuko ya pensheni, ule wa Hester ukiwa mmojawapo, ilikuwa imekopa benki kwa kuziweka hatifungani hizo rehani. Bei ikishuka, benki inadai fedha taslimu zaidi. Fedha hakuna, basi mfuko unauza hatifungani ili uzipate. Wote wanauza siku moja, bei inashuka tena, benki inadai tena. Ni watu wa nyumba nzima kukimbilia mlango mmoja, na kila anayesukuma anazidi kuubana.

Benki ya Penhallow ilimtaka Hester alete milioni arobaini za pauni ifikapo saa tano asubuhi. Jana yake ilitaka ishirini, ikapewa; za leo Hester alitaka kuzipata kwa kuuza hatifungani zilizobaki nje ya rehani. Leo ikikosa, itavunja mkataba na kuziuza hatifungani zote za mfuko ilizozishika, zote, kwa bei yoyote.

Na hazikuwa za Hester. Zilikuwa za wazee wa mji wa Stoke, wafinyanzi waliotumia maisha yao mbele ya tanuri wakitengeneza sahani na vikombe ambavyo nusu ya dunia imevilia chakula. Kiwanda chenyewe kiko hoi. Kikitakiwa kuziba pengo la pensheni, kitafunga milango, na wazee watabaki wanaangaliana.

Hester alisimama. Mlango ukafunguka kabla hajaufikia.

"Dada Hester, usihangaike na Gareth," alisema Imogen Salt, msaidizi wake, akihema. "Nimeshaomba bei."

"Kwa nani?"

"Kwa madalali wote watatu. Kama kanuni inavyosema."

Hester alirudi mezani haraka.

Niwaambie kuhusu kanuni hiyo. Aliyemtangulia Hester kwenye kile kiti alikuwa akiwauzia marafiki zake hatifungani za wazee kwa bei ya kutupa. Alipogundulika, mwenyekiti wa wadhamini wa mfuko, Mzee Clifford Bagnall, alipiga meza na kuapa kwamba tangu siku ile hakuna atakayeuza chochote bila kupata bei kwa madalali watatu. Kanuni nzuri, safi. Siku za amani imewaokolea wazee fedha nyingi, na Imogen alifundishwa kuifuata bila kuuliza.

Lakini siku kama ile, kuwauliza watatu kwa mpigo ni kusimama katikati ya soko na kutangaza kuwa nyumba yako inaungua na unauza makochi. Kila dalali anajua kuwa wenzake wawili wamesikia. Atakayenunua atataka kuuza baadaye, na atawauzia nani, wakati kila mtu anajua mzigo umetoka wapi na aliyeuza alikuwa taabani?

"Umewatajia kiasi?" Hester aliuliza polepole.

"Mashine haikubali bila kiasi."

"Zote? Milioni arobaini?"

"Zote." Macho ya Imogen yakaanza kulengwalengwa. "Dada, nimekosea?"

Hester alikuwa akiangalia skrini. Bei ilikuwa ikishuka mbele ya macho yao, na wao walikuwa hawajauza hata moja.

Simu ililia. Gareth tena, na safari hii alikuwa anapiga kelele.

"Nani kakutuma uulize watatu?"

"Wewe si ulinikatia simu!"

"Nilikata nikamwombe bosi! Nimempigia magoti, Hester. Kakubali nizichukue zako kimyakimya, nusu sasa na nusu baadaye. Narudi mezani nakuta kila mtu anajua! Quentin anajua, na wale wa ng'ambo ya barabara wanajua. Nikizinunua sasa, wote watanisubiri nje na marungu."

"Gareth, tafadhali. Chukua hata nusu."

"Bosi kabadili. Kasema hata moja nisiguse." Akashusha sauti. "Samahani, dada yangu. Kweli kabisa."

Akakata. Mara dalali wa pili naye akaondoa jina lake kwenye skrini bila hata salamu. Wa tatu alibaki. Heri naye angeondoka.

"Hester, mpenzi," ilisema sauti laini ya Quentin Marsh. "Nasikia una mzigo."

"Una bei au huna?"

"Ninayo. Keti kwanza."

Alipoitaja, Hester alifumba macho. Theluthi nzima ya thamani ya Ijumaa ilikuwa imeyeyuka; ili apate milioni arobaini, angetoa hatifungani ambazo Ijumaa zilikuwa za milioni sitini.

"Quentin, huu ni wizi."

"Wizi ni kuchukua usichopewa. Mimi nasubiri unipe." Alicheka kidogo. "Bei hii nakuwekea robo saa, kwa ajili ya ujirani. Ukichelewa, hata mimi nitakuonea huruma."

Robo saa! Na kanuni inataka bei tatu, yeye anayo moja. Wa kumruhusu aivunje kanuni ni mwenyekiti peke yake. Hester alipiga simu Stoke.

Mzee Clifford alikuwa kwenye klabu ya wastaafu. Tangu asubuhi wazee walikuwa wamejazana pale mbele ya televisheni, meza ya bingo imesukumwa ukutani, mikate ya shayiri inakauka kwenye sahani. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kula.

"Hester! Umenipigia wakati mzuri. Watu wananizonga hapa kana kwamba mimi ndiye waziri wa fedha. Niwaambie nini?"

"Mwenyekiti, naomba ruhusa ya kuuza kwa bei moja."

"Bei moja? Kanuni inasema tatu."

"Najua."

"Kama unajua, unaniuliza nini? Kanuni ile nimeipigania mimi. Umesahau yule bwana aliyekuwa kwenye kiti chako alitufanyia nini?"

"Mzee wangu, wawili wamekimbia. Kabaki mmoja."

"Wangoje warudi."

"Hawarudi!"

"Ninyi watu wa London bwana! Ikifika zamu yetu ya kula hasara, ndipo mnakuwa na haraka."

Hapo Hester alikasirika. Mimi simlaumu.

"Nisikilize vizuri. Ikifika saa tano Penhallow watauza kila kitu. Si milioni arobaini. Kila kitu cha mfuko walichonacho. Na hao hawataomba bei tatu, wala mbili. Unanielewa, Mwenyekiti?"

Kwa mbali Hester alisikia sauti ya mwanamke ikiuliza, "Clifford, hebu muulize kama pensheni ya Ijumaa itaingia."

Mzee Clifford alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa imechujuka.

"Umemsikia? Huyo Doreen Machin. Kachora maua kwenye vikombe mpaka vidole vimepinda, kushika kijiko hawezi. Niambie ukweli, binti yangu. Kama mama yako angekuwa kwenye mfuko huu, ungeuza?"

"Ningeuza."

"Basi uza. Mungu atusamehe wote wawili."

Hester alishusha pumzi. Ruhusa anayo, na simu ya ofisi imeirekodi. Alinyoosha mkono kumpigia Quentin, na palepale simu yake ya mkononi ikatetema ndani ya mkoba.

Alipoona jina la anayepiga, aliduwaa. Gareth, kwa simu yake mwenyewe! Madalali wale simu zao zote za kazi zinarekodiwa. Dalali akikamatwa anaongea biashara kwenye simu isiyorekodiwa, kazi hana, na mahakama inamsubiri.

"Usiuze," alisema Gareth.

"Uko wapi wewe?"

"Nje, kwenye ngazi za dharura, nanyeshewa. Nisikilize haraka. Unajua Benki Kuu hutupigia asubuhi kuuliza soko limeamkaje. Maswali mawili, asante, kwaheri. Leo wamerudi mara tatu. Wanataka kujua hatifungani za miaka mirefu, nani anauza, zimekwama kiasi gani. Hester, mtu haulizi hivyo kama hana nia ya kununua."

"Wamekwambia watanunua?"

"Hawajaniambia kitu."

"Kwa hiyo unabahatisha."

"Nabahatisha, ndiyo. Lakini wakiingia, bei itaruka. Utauza kama binadamu, utawalipa Penhallow, na wazee wako wamepona. Ukimpa yule fisi Quentin sasa hivi, utajilaumu mpaka unaingia kaburini."

"Na wasipoingia?"



"Usiuze," Gareth alirudia. "Subiri." Akakata.

Sasa hebu tumtazame mwanamke huyu. Mkono wa kulia ana simu ya kumpigia Quentin, bei mbaya lakini ya uhakika, na wazee wataondoka wamejeruhiwa, si maiti. Mkono wa kushoto ana neno la rafiki aliyehatarisha kazi yake kulisema. Mimi ningeuza. Nasema hivyo leo, nikiwa nimekaa kitako na kalamu yangu. Wewe msomaji usijidai ungejua.

Alichagua njia ya tatu. Alimpigia Anneliese Croft, mama wa Benki ya Penhallow aliyekuwa akidai zile milioni arobaini.

"Bi Anneliese, nakuomba nusu saa."

"Bi Hester, kila anayenipigia leo anaomba nusu saa."

"Hawa ni wastaafu. Wengine hawana kitu kingine chochote."

"Mama yangu naye ni mstaafu. Unafikiri nafurahia kazi hii?" Alikuwa amechoka, na sauti ilimkauka. "Mimi sina mamlaka. Nitamwomba bosi. Nitajaribu, sikuahidi."

"Asante. Asante sana."

Mtu aliyebanwa hasikii neno lote. Anneliese alisema "nitajaribu, sikuahidi". Hester alisikia "nitajaribu" tu, na hilo likamtosha.

Simu ya mezani ililia. Quentin.

"Robo saa yako imekwisha, mpenzi. Ndiyo au hapana?"

Imogen alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono kifuani, akitikisa kichwa juu chini. Sema ndiyo, dada. Sema ndiyo.

Katika soko lile ukishatamka kwenye simu umetamka, hakuna kurudi nyuma. Hester alilowesha midomo yake.

"Hapana," alisema.

"Hapana?" Quentin alicheka mpaka akakohoa. "Aisee, una moyo. Haya, wasalimie wazee."

Imogen aliangusha mikono. "Dada Hester, umefanya nini?"

"Nimesubiri."

Walisubiri. Mvua ilipiga dirisha. Bei ilishuka ngazi moja, ikashuka nyingine. Imogen aligeuka ukutani na kulia bila sauti, mabega tu yakitikisika. Hester alisoma skrini mpaka tarakimu zikaanza kuogelea. Alijaribu kumpigia Gareth, hakupokea. Akampigia Anneliese, simu yake ilikuwa inatumika.

Saa tano ikafika, ikapita. Simu ya Penhallow haikulia.

"Amekubaliwa," Hester alinong'ona. "Anneliese amepata ile nusu saa. Ndiyo maana kimya."

Mara Imogen akapiga ukelele.

Mstari mwekundu wa bei, uliokuwa ukiporomoka tangu Ijumaa, ulikuwa umesimama. Kisha ukaruka. Haukupanda, uliruka. Ghorofa ya chini watu walianza kupiga makofi. Maandishi yakapita juu ya skrini: Benki Kuu itanunua hatifungani za muda mrefu, kwa kiasi chochote kitakachohitajika, kuanzia leo.

"Tumepona!" Imogen alimrukia Hester shingoni. "Dada, tumepona! Ulijuaje? Ulijuaje wewe?"

Hester alicheka, na machozi yakamtoka humohumo ndani ya kicheko. Alimfikiria Doreen Machin na vidole vyake. Alimfikiria Gareth kwenye ngazi, kalowa chapachapa kwa ajili yake. Mtu mwenye rafiki kama yule ana nini cha kuogopa?

Simu ikalia. Anneliese.

"Anneliese! Umeona? Nauza sasa hivi. Fedha yenu itawafikia kabla hamjala chakula cha mchana!"





"Bi Hester, bosi alikataa. Saa tano ilipofika, tulivunja mkataba."

"Lakini tangazo la Benki Kuu..."

"Limetoka tukiwa tumeshauza."

Hester alikishika kiti. "Mmeuza kiasi gani?"

"Kama tulivyokwambia. Zote."

Bado Imogen alikuwa akirukaruka na kuimba. Hester alimtazama kana kwamba anamwona kupitia kioo kinene.

"Hamkuweza kuuza," alisema. "Soko halikuwa na mnunuzi. Mmemuuzia nani? Quentin?"

"Quentin alitutajia bei ya matusi." Anneliese alisita. Jina la mnunuzi halitajwi, ni mwiko, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Sijui kama ilikuwa huruma au hasira. "Kulikuwa na dalali mmoja tu aliyepokea simu. Alichukua mzigo mzima bila kubishana, na kwa bei ya chini kuliko ya Quentin. Sasa hivi ameshapata faida ya ajabu."

"Nani?"

"Ollerenshaw. Gareth Ollerenshaw."

Jamani! Yule aliyemwambia asiuze. Yule aliyesema bosi kamkataza asiguse hata moja. Alikwenda kusimama kwenye mvua ili amwokoe mtu, au ili amshike mtu mpaka saa tano ipite? Hester alijiuliza swali hilo. Alijua jambo moja tu: Gareth asingeweza kununua kitu kama yeye Hester angekuwa ameuza.

Simu ya mezani ililia tena. Imogen, ambaye hakuwa ameelewa chochote, aliipokea kwa furaha na kubonyeza kipaza sauti. Chumba kizima kikajaa kelele za wazee, vigelegele, vikombe vikigongwa mezani, mtu anaimba.

"Hester! Binti yangu!" Mzee Clifford alikuwa analia kwa furaha. "Tumeona kwenye televisheni! Benki Kuu imeingia! Nimewaambia watu wote, yule mama wa London katupigania kama simba. Doreen anataka kukubusu. Nimekuweka kwenye spika, wanakusikia wote. Sema nao! Waambie wenyewe!"

"Hester! Hester!" walipaza sauti kule Stoke.

Imogen alikuwa ameinua simu ya pili, ile ya mapokezi. Alisikiliza, akaziba sehemu ya kusemea kwa kiganja, akatabasamu.

"Dada, Gareth yuko hapa chini. Kalowa mwili mzima. Anasema ameacha kazi sasa hivi, na lazima akuone kabla hujaongea na mtu yeyote."

Hester alitazama mlango. Alitazama simu iliyokuwa ikiimba jina lake.

"Mwambie asubiri," alisema. "Hata mimi niliambiwa nisubiri."

Akaivuta simu karibu na mdomo.

"Mzee Clifford," alisema, "wanyamazishe. Halafu mtafutie Doreen kiti, akae."